Dar hadi Mwanza ni kilomita ngapi? Mbona kila mtu ana jibu lake

Barua za mwezi huu karibu zote zimeangukia sehemu moja, Dar na Mwanza, nadhani ni kwa sababu ya harusi na likizo. Nimezikata kidogo pale zilipokuwa ndefu sana, mtanisamehe. Haya tuanze.

Shikamoo Anko. Mi nakaa Mbezi, mwezi ujao dada angu anafanyiwa send-off Mwanza na nimeambiwa nichague basi au ndege. Nimeuliza watu umbali, mmoja kaniambia kilomita 850, mwingine 1,100 na kitu, halafu jirani yetu anayefanya kazi relini kasema ni 1,219 na akaapa kabisa. Nani muongo hapo? Na kwa ndege ni saa ngapi hasa, maana nako naambiwa saa moja, wengine mbili. — Bibi harusi mdogo, Mbezi

Marahaba mwanangu. Hakuna muongo hapo hata mmoja, kila mtu kapima njia yake.

Wa 850 kapima hewani. Ukivuta mstari ulionyooka kutoka uwanja wa Julius Nyerere mpaka uwanja wa Mwanza unapata kama kilomita 850, na huo ndo umbali mfupi kuliko wote unaoweza kuupata duniani kati ya hizo sehemu mbili. Wa 1,100 na kitu kapima lami, yaani Chalinze, Morogoro, Dodoma, Manyoni, Singida, Nzega, Tinde, Shinyanga ndo unaingia Mwanza. Na jirani yako wa reli yuko sahihi pia, 1,219 ndo urefu unaotajwa wa SGR, ile reli mpya ya kisasa, kutoka Dar hadi Mwanza itakapokamilika, kwasababu reli inazunguka kwenda Tabora kwanza kabla haijageuza kupanda Isaka na Shinyanga. Reli ya kikoloni nayo ilipita huko huko, ilifika Mwanza 1928 ikitokea Tabora, kwahiyo hiyo kona ya Tabora tumeirithi.

Sasa chukua ramani uangalie ule mstari wa hewani unapita wapi, utashangaa. Haugusi Dodoma mjini, Singida mjini wala Nzega. Unakatiza katikati ya Kondoa na Babati, unapita karibu na ncha ya kusini ya Ziwa Eyasi, unaambaa Meatu na Maswa halafu unashuka Mwanza. Barabara yenyewe inateremka kusini kufuata miji halafu inapanda tena, na hizo kilomita karibu 300 za ziada zinatokana na huko kuzunguka. Rubani naye hafuati ule mstari kama rula, ana njia zake za anga anazopangiwa na kuna kupinda kidogo wakati wa kupaa na wakati wa kutua, ila tofauti inakuwa ndogo.

Kuhusu muda, hapo ndo watu wanachanganyana. Ndege ya jeti ikishatulia juu inakwenda kama kilomita 830 au 840 kwa saa, kwahiyo ukigawanya kwa hesabu ya darasa la tano unapata saa moja na dakika kama moja, na ndo maana kuna mtu kakwambia saa moja. Lakini ndege haianzi na spidi hiyo jamani, inapanda polepole na inaanza kupunguza mwendo mapema ikiwa bado mbali na Mwanza, ongeza dakika kumi na tano hivi hapo, halafu kuna kutembea chini kutoka pale ilipoegeshwa mpaka mwanzo wa njia ya kurukia, na Dar ukikuta ndege mbili tatu zimepanga foleni mbele yenu mnasubiri. Tiketi inahesabu yote hayo, tangu ndege inapoanza kusogea mpaka inaposimama kabisa upande wa pili, kwahiyo kwa jeti utaona imeandikwa kati ya saa 1 na dk 20 na saa 1 na nusu. Rubani yeye akiongea kwenye spika anataja muda wa hewani tu, ndo maana unamsikia "dakika sabini na tano" ukadhani anawahi mahali.

Na kama utapangiwa ya pangaboi, ile ya mapanga, ni hadithi nyingine, soma barua inayofuata.

Anko hii nchi bado tuna ndege za pangaboi mpaka leo? Juzi nimepanda kwenda Mwanza nikaona panga zinazunguka dirishani nikasema leo tumeuziwa mkweche, na tulichukua karibu saa mbili wakati jamaa yangu alitumia saa moja na nusu kwa hela ile ile. — Mteja asiyeridhika, Tabata

Kaka punguza presha. Pangaboi sio mkweche. Ile Dash 8-400 na zile ATR ni ndege za kisasa, injini yake ndani ni ya jeti kabisa ila badala ya kusukuma moshi nyuma inazungusha panga. Zinatengenezwa hivo kwa makusudi, zinakula mafuta kidogo kwenye safari fupi na zinaweza kutua kwenye viwanja ambavyo jeti kubwa ingejiuliza mara mbili. Bila pangaboi mikoa mingi ingekuwa inasikia ndege ikipita juu tu.

Shida yake ni mwendo. Dash 8-400 inakwenda kama 650 kwa saa, ATR 72 inacheza kwenye 500, wakati Airbus A220 au Boeing 737 inapita 800. Kwa kilomita 850 za Mwanza hesabu inakuja hivi, jeti saa moja na nusu kasoro, Dash kama saa 1 na dk 50, ATR saa mbili na dakika zake. Kwa safari ya Dar Zanzibar ambayo ni kama kilomita 70 tu hutaona tofauti yoyote, dakika ishirini umefika na chupa ya maji hujaimaliza, ila kadri njia inavyorefuka ndo pangaboi inaachwa.

Kitu kingine, pangaboi inaruka chini zaidi, Dash mwisho wake ni futi 25,000 wakati jeti inapita 30,000 na kuendelea. Kwahiyo mawingu ambayo jeti inayaruka juu, nyie mnayazunguka au mnapita pembeni mnatikisika. Na Ziwa Victoria lina tabia yake, ngurumo zinajikusanya juu ya maji usiku mpaka alfajiri, ukiwa na ndege ya asubuhi sana msimu wa mvua usishangae rubani akazunguka kidogo akisubiri njia isafike. Hizo dakika haziko kwenye tiketi.

Hela ile ile? Nauli haifuati sana aina ya ndege wala kilomita, inafuata zaidi umekata lini na viti vimebaki vingapi. Kabla hujalipa angalia pale chini ya namba ya safari huwa wanaandika aina ya ndege, ukiona Dash au ATR unajua, ukiona A220 au 737 unajua. Ila wana haki ya kubadilisha siku hiyo hiyo, hapo usinitafute.

Habari za kazi. Mimi ni fundi wa aluminium nipo Buzuruga, nakuja Dar mara kwa mara kufuata mzigo. Watu wananiambia sasa hivi SGR ipo nishukie Dodoma nipande treni, ndege ni kujionyesha tu. Wewe unaonaje kwa muda, usiniambie bei, bei naijua. — Fundi, Buzuruga

Salama kabisa fundi. Sawa, bei tunaiacha, tupige muda mtupu, ila tupige kutoka mlangoni kwako mpaka mlango wa duka Kariakoo, sio kutoka uwanja hadi uwanja kama watu wanavyopenda kudanganyana.

Basi kwanza. Kilomita ni 1,100 na kitu na basi kisheria mwisho wake ni 80 kwa saa, tena kwenye makazi ni 50, kwahiyo hata dereva asisimame hata mara moja, hata asiende chooni, ni saa 14. Weka kula, weka mizani, weka matuta ya kila kijiji, unaongelea saa 16 mpaka 18. Uzuri ni kwamba tangu 2023 mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku unaweza kulala njiani, na ukishushwa pale stendi ya Magufuli Mbezi bado kuna saa nyingine ya kuingia mjini. Watu wakitaja muda wa basi wanaisahau hiyo saa moja ya mwisho.

Basi mpaka Dodoma halafu SGR. Mwanza mpaka Dodoma ni kama kilomita 700, sema saa kumi ukienda vizuri. Dodoma mpaka Dar treni ya haraka inachukua kama saa tatu na nusu, inagonga 160 kwa saa na haijui foleni ya Chalinze wala ya Kibaha. Ukijumlisha tu unaona saa kumi na tatu na nusu, unafurahi. Ila basi lako halina ahadi na treni, ukifika Dodoma treni imeondoka dakika ishirini zilizopita unakaa pale unaangalia jengo zuri la stesheni mpaka ya baadae. Kwahiyo hesabu ya kweli ni 15 mpaka 17, karibu sawa na basi, isipokuwa ile sehemu ya mwisho, ya kuchosha kuliko zote, unaipita umekaa kwenye kiti kizuri. Mi ningekuwa na mgongo mbovu ningefanya hivo, ila kwa ajili ya kuokoa muda hapana. Siku reli ikifika Mwanza tutaongea upya.

Ndege sasa. Buzuruga mpaka uwanja wa ndege ule wa upande wa Ilemela, mji ukiwa shwari nusu saa au dakika arobaini. Unatakiwa uwe pale saa moja na nusu kabla. Hewani na chini, saa moja na nusu. Ukishuka Dar kama una begi la mkononi tu unatoka moja kwa moja, kama umeweka mzigo subiri mkanda dakika ishirini mpaka nusu saa. Halafu Nyerere Road mpaka Kariakoo, hapo ndo Mungu anajua, mchana inaweza kuwa dakika thelathini na jioni ikawa saa moja na nusu. Jumla saa nne mpaka karibu sita. Umeona? Katika saa sita, muda uliokuwa juu kabisa hewani ni saa moja na kidogo, nyingine zote umezitumia ardhini kwenye foleni na kwenye viti vya kusubiria. Ndo maana huwa nawaambia watu wanaohangaika na ndege inayowahi dakika kumi kwamba wangehangaika na saa ya kuondoka ingewasaidia zaidi, ndege inayofika Dar saa nne asubuhi inakupa mji tofauti na inayofika saa kumi na moja jioni, japo zote zimeruka kwa muda ule ule.

Na dada wa Mbezi wa barua ya kwanza kama unasoma, wewe usipite mjini kwenda eapoti, katiza Malamba Mawili, Kinyerezi, utokee Banana, utanishukuru.

Kuna msomaji mwingine kaniuliza akishuka Mwanza akiwa anaelekea Geita aongeze muda gani. Zamani ningesema inategemea kivuko cha Kigongo na Busisi, unaweza kuvuka haraka unaweza kukaa saa mbili. Sasa daraja la JPM limefunguliwa Juni 2025, ni kilomita 3 hivi juu ya ziwa, unapita na gari yako bila kuzima injini. Hiyo peke yake imeipunguza safari ya Dar Geita kuliko ndege mpya yoyote.

Shikamoo Anko, samahani nina swali la haraka maana nina wasiwasi. Niko Muscat nafanya kazi, nimemkatia mama tiketi aje kunitembelea. Anatoka Mwanza kuja Dar, halafu Dar Muscat imeandikwa tarehe 15 saa 00:30, anafika 07:00. Mama anasema atatoka Mwanza tarehe 15 jioni. Mi naona kama kuna kitu hakipo sawa, na pia hizo saa sita na nusu mbona nyingi wakati wenzangu wanasema ni saa tano na kitu? — Binti wa Sengerema, Muscat

Marahaba mwanangu, na umefanya vizuri sana kuuliza. Mpigie mama simu leo, kabla hujamaliza kusoma hapa.

00:30 ya tarehe 15 ni saa sita na nusu za usiku wa kuamkia tarehe 15. Maana yake mama anatakiwa awe eapoti Dar tarehe 14 usiku, kwenye saa tatu na nusu hivi, na Mwanza aondoke tarehe 14 hiyo hiyo mchana au mapema jioni. Akitoka Mwanza tarehe 15 jioni atafika Dar akute ndege yake imeshatua Muscat toka asubuhi, na pengine tiketi imeungua. Wengi wetu siku tunaianza kukucha, usiku bado tunauhesabu kuwa ni wa jana yake, mashirika yenyewe yanageuza tarehe saa sita kamili usiku bila huruma. Huwa nawaambia watu, ukiona tiketi inaanza na 00, 01 mpaka 04, shika kalenda mkononi urudi siku moja nyuma, hiyo ndo siku ya kutoka nyumbani.

Hizo saa nyingine ni rahisi, saa ya tiketi toa sita, ikibaki kumi na tatu au zaidi toa tena kumi na mbili. 16:00 ni saa kumi jioni, 19:30 ni saa moja na nusu usiku, 22:15 ni saa nne na robo usiku. Kama namba ni ndogo ongeza sita, 03:00 saa tisa usiku, 05:30 saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mwandikie mama kwenye karatasi kwa saa zetu na siku, "Ijumaa usiku saa tatu uwe eapoti", usimtumie picha ya tiketi peke yake.

Saa sita na nusu sasa. Dar mpaka Muscat hewani ni kama kilomita 3,970, karibu mara tano ya Dar Mwanza, na ndege inatumia kama saa tano na nusu. Ile saa moja inayozidi haipo, ni saa za nchi, Oman iko mbele yetu kwa saa moja. Tiketi inaandika saa ya kuondoka kwa saa za Dar na saa ya kufika kwa saa za Muscat, ukitoa moja kwa moja unapata jibu la uongo. Akifika saa yake ya mkononi itamwambia saa kumi na mbili asubuhi na ukutani imeandikwa saa 07:00, mwambie asogeze mshale asichanganyikiwe. Wazee wa pwani wenyewe safari hii walikuwa hawaiulizi saa, wanauliza mwezi, kaskazi ikivuma majahazi yanakuja kutoka Oman, kusi ikigeuka yanarudi, wiki tatu nne baharini.

Jambo la mwisho na ni la muhimu. Hiyo ya Mwanza Dar umekata pamoja na ya Muscat au umekata mbalimbali? Kama ni tiketi moja, mama akiwa kaunta ya Mwanza aangalie kikaratasi cha kwenye begi, kikiandikwa MCT begi linakwenda mpaka Muscat, kikiandikwa DAR ina maana atalichukua Dar mwenyewe. Kama ni tiketi mbili tofauti basi atalichukua Dar kwa vyovyote, atatoka nje, ataenda Terminal 3 ile iliyofunguliwa 2019 ambayo ndo ya kimataifa, aanze upya kupanga mstari. Na kama ndege ya Mwanza ikichelewa shirika la pili halimjui. Kwa mtu mzima anayesafiri peke yake mi siwezi kukushauri chini ya saa tano katikati. Bora akae pale anywe chai.

Anko, kwenda na kurudi mbona muda haulingani? Niliona Nairobi kwenda New York saa 15, kurudi 14, njia si ni ile ile? Na Dar Mwanza nako iko hivo? — Mwanafunzi, Nyegezi

Njia ni ile ile, karibu kilomita 11,840, ila upepo sio ule ule. Huko kaskazini mbali na ikweta, juu ya Atlantiki, kuna pepo kali za juu zinavuma kutoka magharibi kwenda mashariki mwaka mzima. Ukienda Marekani unapigana nazo, ukirudi zinakusukuma mgongoni, basi saa nzima inapatikana hapo. Kenya Airways walianza hiyo safari ya moja kwa moja Oktoba 2018.

Kwetu hapa tuko jirani na ikweta, pepo hizo hatunazo, na safari yenyewe fupi upepo haupati nafasi. Dar Mwanza na Mwanza Dar utaona tofauti ya dakika tano tu, na mara nyingi ni kwasababu ya foleni ya kutua Dar, sio upepo.

Kama unapenda haya mambo, kwenye kompyuta fungua ramani za Google, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi kwenye uwanja mmoja, chagua kupima umbali, halafu bonyeza uwanja wa pili, utapata kilomita za hewani hapo hapo. Muda halisi uangalie Flightradar24, tovuti ya kufuatilia ndege, tafuta namba ya safari uone siku zilizopita iliruka saa ngapi ikatua saa ngapi. Hiyo ni bora kuliko kuuliza mtu yeyote, hata mimi.

Niaje Anko. Huku Nairobi tunabishana, kwenda Mombasa ndege ama SGR? Ndege ni dakika 45 bana. — Wa Umoja, Nairobi

Poa sana. Hewani ni kama kilomita 420, kwahiyo hizo dakika 45 ni kweli, za hewani. Madaraka Express ni saa tano hivi. Ila pale Nairobi stesheni iko Syokimau na ndege iko JKIA, zote mbali na mjini upande ule ule, na Mombasa stesheni iko Miritini, uwanja uko Moi, hapo hapo jirani. Kwahiyo foleni inawahusu wote sawasawa, toa hiyo nje ya ubishi. Kinachobaki ndege inakuokolea kama saa tatu. Kama saa tatu zako zina kazi panda ndege, kama ni likizo na una watoto wanaotaka kuona ndovu wa Tsavo dirishani, panda treni na muachane na huo mjadala.